Mdomo wa Chini

Jumatatu, 3 Machi

Ndama kumi na wanne leo, josho la juu. Mmoja kanipiga teke la paja, pamevimba. Chanjo zimebaki chupa mbili na barafu imeyeyuka. Ofisi ya mifugo wananiambia nivumilie. Miaka ishirini na sita navumilia, sijui kama kuna cheti cha kuvumilia.

Nimemwona Nusu mwingine, hawa watu wanaogeuka wanyama. Saa nne asubuhi, jua kali, wala hakujificha. Mwanamke. Pembe zimeshapinda kwenda nyuma, masikio marefu, uso wa madoa meusi na meupe kama wa korongo, yule swala mkubwa wa kule mbugani. Amevaa sweta ya kijani ya mtumba, vifungo vyote vimefungwa. Kuanzia kiunoni ni manyoya na kwato. Alipiga magoti kwenye hodhi la ng'ombe akanywa. Ndama hawakushtuka hata kidogo.

Alipoinuka akaniambia oyawore, kama jirani yeyote anavyoamkua asubuhi. Nikaitikia. Kisha nikageuka haraka kuangalia kama kuna aliyenisikia. Aibu yangu hiyo. Sheria inasema ukimwona Nusu upige ripoti kwa Kitengo, askari walioletwa kuwakusanya, siku hiyo hiyo. Sikupiga.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu hapa nyumbani hakuna anayekisoma kwa hiari. Mama mkwe hajui kusoma. Baba Atieno, mume wangu, anajua, ila hajawahi kupenda.

Jumanne, 4 Machi

Jino la mwisho la mbele juu limetoka. Limeangukia kwenye kikombe cha uji. Baba Atieno akaliweka kiganjani mwangu akanitazama, eti mimi ndiye mtaalamu.

Nilimfungua mdomo nikapapasa. Chini meno yote yapo, imara. Juu mbele hamna kitu, ni ufizi mtupu, mgumu, kama wa ng'ombe. Nimefungua midomo ya ng'ombe maelfu kusoma umri wao. Sikuwahi kufikiri nitafungua wa mume wangu nisome hivyo.

Ndivyo inavyoanza kwa wote. Meno ya juu, masikio, miguu. Maneno huisha mwisho. Mwaka jana tulidhani ni ugonjwa wa mbung'o, tukapulizia dawa mpaka kuku wakafa. Sasa hakuna anayejua ni nini, ila kila mtu ana maoni.

Ana kofia ya sufu na gambuti. Hatoki chumbani. Mama hawezi kuingia chumba cha mwanawe, mila haimruhusu, kwa hiyo husimama uani na kuongea na dirisha. Leo amesimama muda mrefu. Alikuwa anamsimulia habari za ng'ombe waliokufa zamani, mmoja mmoja kwa majina. Baba Atieno alijibu maneno matatu tu. Mama hakuuliza kwa nini.

Nampikia mtu huyu ugali mwaka wa ishirini na nane. Sasa anaunusa na kugeuza uso kama mgeni mwenye maringo. Jioni nilikata nyasi nyuma ya choo nikamletea kwenye beseni la kufulia. Alikula zote. Nililia nikiwa nimeshika mundu.

Alhamisi, 6 Machi

Kitengo wameweka geti sokoni. Vijana wa mbali, glavu nyeupe, bunduki mgongoni. Kila anayeingia anafunguliwa mdomo.

Na wanakagua mdomo wa chini!

Nilisimama kwenye foleni nikidhani nimeona vibaya. Hapana. Wanashika mdomo wa chini, wanauvuta, wanahesabu. Wa juu hawaugusi. Kijana mmoja anakula mandazi huku anakagua. Watu walikuwa wanabana kicheko.

Kisha wakamfikia Mzee Okelo, jirani yetu, mwenye shamba la mtama chini ya barabara. Ana miaka themanini na kitu. Kama wazee wote wa rika lake aling'olewa meno sita ya chini akiwa kijana. Ndiyo nak. Siku hizo ulikuwa huhesabiwi kuwa mtu mzima mpaka uketi mbele ya mng'oaji bila kulia. Kijana akavuta mdomo, akaona pengo, akapiga filimbi. Wamemburuta mzee wa watu mpaka kwenye lori huku akiwa ameshika kilo mbili za maharagwe.

Kicheko kikaisha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesikia sokoni walivyokosea. Nusu wa kwanza kabisa waliyemkamata alikuwa mzee. Daktari wao, mgeni, akamfungua mdomo, akakuta pengo juu na pengo chini. Kwa nini juu, akafikiri ni uzee. Kwa nini chini, meno sita sawasawa, akafikiri amegundua kitu. Akaandika: dalili ni meno sita ya chini. Amri ikapigwa mhuri.

Mtu amekula nyama ya ng'ombe maisha yake yote na hajawahi kumtazama ng'ombe mdomoni.

Ningeweza kwenda leo kuwaambia. Dakika mbili tu. Mzee Okelo angerudi kwake. Na kesho yake glavu ingeinua mdomo wa juu, katika kila nyumba, na hapa pia.

Nimekaa kimya. Mimi peke yangu? Hapana. Bonde zima limekaa kimya. Nikipita naona madirisha yaliyofungwa mchana, na mabeseni ya nyasi yanayoingizwa kwa mlango wa nyuma. Kila nyumba ina kofia ya sufu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Mchungaji aliombea wote waliopotea, akakwepa kusema wamepotelea wapi. Viti vya mbele, vya akina mama wazee, vitupu nusu.

Baada ya ibada chifu akatangaza kwamba kuanzia kesho Kitengo watapita nyumba kwa nyumba. Alisema akitazama viatu vyake.

Nimerudi nimemfundisha Baba Atieno kusimama. Kifua mbele, asitikise masikio. Ukisikia sauti usigeuke. Anajitahidi. Masikio hayamsikii. Nikayafunga kwa kitambaa chini ya kofia. Nikamwambia atasema ana jino bovu, ndiyo maana haongei. Akatikisa kichwa, ndiyo. Kisha akanilamba mkono. Nikamfokea. Nikaomba msamaha. Nikamfokea tena.

Mama nilimwambia aende kwa kaka yake kule Rangwe leo leo, kabla hawajafika. Ana pengo la nak, watamchukua. Alikataa. Kwamba ameolewa katika boma hili, na hatoroki boma lake kwa sababu ya watoto wenye filimbi. Mkaidi huyu mama! Nimemchukia jioni nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Walikuja saa tatu. Wanne na dereva.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye.

Nilikuwa naosha sindano. Wakasema watu wote nje. Nikamtoa Baba Atieno, kofia, gambuti, koti. Kijana mwenye glavu akamvuta mdomo wa chini. Meno yote, meupe, sita mbele kama punje za mahindi. Akasema huyu safi. Nikaanza kupumua.

Wa pili akamtazama miguu. Kwa nini gambuti na jua hili? Nikasema tunatoka zizini. Akasema avue.

Baba Atieno hakusogea. Nilijua kwamba akivua tu, tumekwisha. Nilishika lile beseni la sindano na sijui nilitaka kufanya nini nalo.

Hapo Mama akatoka nyumbani kwake. Hakuna aliyemwita. Alikuja polepole na fimbo yake, akapita kati ya yule kijana na mwanawe, akasimama, akafungua mdomo. Wazi kabisa. Mama ambaye hucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja alifungua mdomo mbele ya wanaume wageni na kuwaonyesha pengo lake lote.

Filimbi. Wakamrukia wote wanne. Gambuti zikasahaulika.

Hawakumruhusu hata kuchukua tumbaku yake. Alipopandishwa kwenye lori hakunitazama mimi. Alimtazama yule aliyevaa kofia, mara moja, kama anayehesabu ndama wake jioni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona tangu Januari.

Baba Atieno hakuelewa. Au nilidhani hakuelewa. Nimemwambia Mama amekwenda Rangwe kwa kaka yake.

Jumanne, 11 Machi

Nimesema uongo mbele ya watu mia mbili na nikautia sahihi.

Chifu ndiye aliyenitumia ujumbe. Alidhani ananisaidia. Wazee waliokamatwa wamefika kumi na mmoja, na jamaa zao walikwenda kituoni asubuhi kupiga kelele. Kwamba ile ni mila, siyo unyama. Afande wao mkubwa alikuwa ameanza kusita. Si mtu mbaya, naona. Ana mafua na hajalala. Akasema aletewe mtu wa mifugo, na akisema wazee hawa si Nusu, atawaachilia leo.

Nilipofika wazee walikuwa wameketi chini kwenye kivuli cha lori. Mama wa tatu kutoka mwisho. Mzee Okelo bado na maharagwe yake.

Afande akaniuliza nimefanya kazi hii muda gani. Nikamwambia. Akauliza, kwa upole kabisa, "Mama, mnyama mwenye pembe, ng'ombe au swala, hukosa meno gani ya mbele? Ya juu au ya chini?"

Mtoto wa darasa la pili hapa anajua jibu. Waliokuja kupiga kelele walinyamaza ghafla. Niliwaona wakihesabu vichwani mwao. Huyu ana mama kwenye kivuli kile na kijana chumbani. Yule ana babu hapa na mke kule. Ukiwatoa hawa, unawatoa wale. Hakuna aliyenisaidia.

Nikamtazama Mama. Nilitaka aniambie kwa macho nifanye nini, halafu nimlaumu. Ila alikuwa ameshanijibu jana uani.

Nikasema, "Ya chini, afande."

Akauliza nina hakika? Nikasema nina hakika. Akaandika, akanipa kalamu. Sahihi ilitoka nzuri kama ya cheti cha chanjo. Hilo ndilo linanitisha.

Mama alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeonja mboga akakuta chumvi inatosha. Mzee Okelo akanitemea mate. Hayakunifikia. Yalistahili kunifikia.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nimekuta karanga mlangoni, gunia dogo. Na mayai tisa kwenye kikapu. Hakuna jina.

Wananishukuru. Nimewarushia mbwa mayai.

Ijumaa, 14 Machi

Baba Atieno ameuliza. Siku mbili alikuwa anasimama dirishani saa ile ile ambayo Mama huja kuongea, masikio mbele. Leo mchana akasema neno moja, "Mama." Halafu akatafuta jingine, akalikosa, akagonga ukuta kwa kichwa.

Nikasema yuko Rangwe. Akagonga tena. Nikasema atarudi Jumapili. Akagonga, damu ikatoka chini ya kofia.

Basi nikamwambia. Kila kitu. Gambuti, pengo, lori, afande, ya chini. Nilimwambia nikipiga kelele, kama vile yeye ndiye mkosaji. Nikamwambia mama yako amechukuliwa kwa ajili yako na mimi ndiye niliyefunga mlango nyuma yake, sasa kula nyasi zako unyamaze!

Aliacha kugonga. Akavua kofia. Akavua gambuti, moja, ya pili, akazipanga kando ya kitanda kama afanyavyo siku zote. Akapita kando yangu akatoka nje, saa nane mchana, mwili mzima juani. Sikujua amekuwa mkubwa namna ile. Pembe urefu wa kidole.

Nikamwita kwa jina lake alilopewa na baba yake. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumwita hivyo. Hakugeuka. Aliruka ua wa boma kama si kitu, akashika njia ya mbugani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemtafuta mpaka mtoni. Hakuna. Nyayo nyingi, zote zinafanana.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Atieno, binti yetu, amepiga simu kutoka Migori anakokaa kwa dada yangu, anauliza habari za baba yake na za dani, bibi yake. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Nilimtoa mama kumhifadhi mwana. Sasa sina yeyote. Nani alinituma?

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kwenye uzio. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Boma la Kitengo liko pale mbuga inapoanza, waya mara mbili, mageti mawili. Upande wa nyuma walinzi hawafiki kwa sababu ya mbung'o. Sisi tumeshazoea kuumwa.

Nilibeba tumbaku, sukari na majani ya chai. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia Mama kwamba mwanawe amepotea na dhabihu yake imekwenda bure. Njia nzima nilifanya mazoezi ya maneno hayo. Nilifika nimechoka nayo.

Alikuwa ameketi kwenye jiwe karibu na waya. Amekonda. Wazee wengine walikuwa wanachambua mboga za porini kwenye shuka. Na katikati yao Nusu, labda arobaini, wamelala, wanacheua, hakuna anayemwogopa mwenzake. Yule wa sweta ya kijani alikuwepo. Mzee Okelo alikuwa anamtoa kupe sikioni.

Nikaanza, "Mama, kuhusu Baba Atieno." Akainua fimbo nisiendelee. Akanionyesha nyuma yake.

Alikuwa amelala, kichwa kwenye miguu ya mama yake. Nilimjua kwa kovu la bega.

Mama alisema alifika Ijumaa jioni. Aliruka waya zote mbili kutoka upande wa nje, walinzi walicheka mpaka wakakaa chini, hawajawahi kuona anayeruka kuingia. Akasema huku ndani hakuna chumba, basi hakuna mwiko, na anaweza kukaa na mwanawe anavyotaka. Alisema hivyo kwa fahari, kikongwe yule, nyuma ya waya!

Nikamwita. Baba Atieno. Sikio moja liligeuka. Akaniangalia kwa muda, vile ng'ombe anavyomwangalia mpita njia, akalaza kichwa tena.

Mama akasema nisimkasirikie. Majina hayajui tena, ila mkono anaujua. Nikapitisha mkono kwenye waya mpaka begani. Hakuja. Nilikaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Mwishowe alikuja, akanusa vidole, vina harufu ya dawa ya chanjo, akapiga chafya, akavilamba. Safari hii sikufoka.

Nilitaka kumwomba Mama msamaha kwa lile neno la kituoni. Alinikatiza kabla sijamaliza. Akasema nimeolewa vizuri. Sijui alimaanisha nini na sikuuliza.

Tumbaku aliichukua. Sukari akairudisha. Akasema watu wake hapa hawana haja ya sukari, wanalamba mawe na jasho la wazee. Mara nyingine nilete magadi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimechanja asubuhi, ndama sita. Mchana nimekwenda Rangwe kununua magadi. Hapa kwetu wangeuliza. Kule hawanijui.

Muuzaji ni mama wa makamo, ana kibanda karibu na mnada wa ng'ombe. Akaniuliza nina ng'ombe wangapi, apime inayotosha. Nikamwambia nina mmoja.

Akapima. Kwenye msumari nyuma yake ilining'inia kofia ya sufu. Akaufunga mfuko, akaufungua tena, akaniongezea kipande kikubwa bila kunitazama. Nikatoa pesa ya kipande kile. Hakuipokea.